Mbwa Kainama, Kitambi Kimebaki

Hakuna mali inayosimamiwa na watu wengi kushinda tumbo la mwanaume aliyepita miaka arobaini na tano. Barabara ya mtaani kwetu ina shimo tangu mvua za mwaka juzi, na hakuna anayeliulizia. Tumbo langu, ambalo ni la binafsi na nimelijenga kwa jasho langu mwenyewe, lina kamati.

Mjumbe wa kwanza ni daktari. Alinipima presha, akakunja uso, akasema, "Mzee wangu, punguza mwili," kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nipunguze vipi, hakusema, na kwa mlango huo alioacha wazi wakaingia wote. Akaja wa maji ya moto na limau. Akaja wa mdalasini na asali. Akaja wa kitunguu saumu kibichi kila alfajiri, ambaye nilimshukuru nikiwa nimesimama mbali kidogo. Akaja wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na huyo angalau ana thawabu. Nilikuwa nimeshazoea kutikisa kichwa na kuitikia "inshallah", mpaka alipokuja wa yoga. Huyo sikuweza kumpa inshallah kwa sababu tunalala kitanda kimoja.

Mama watoto alikuwa ameona video. Siku hizi kila balaa nyumbani kwangu linaanza hivyo. Kwenye video kuna mwanamke yuko ufukweni, mguu mmoja kaupeleka nyuma ya sikio, na chini pameandikwa kwamba hii ni yoga ya kuondoa kitambi kwa siku saba. Mimi ni mhasibu, nimezoea kutafuta risiti. Nikaitazama ile video mpaka mwisho, nikauliza: kitambi chenyewe kiko wapi? Maana huyu mama hana, na hakuna mahali ameonyeshwa akiwa nacho. Mtu aliyezaliwa na kiuno cha nyigu ananiuzia dawa ya ugonjwa ambao haujawahi kupita mlangoni kwake.

Jibu nililopewa wanaume wenzangu mnalijua: "Basi kaa nacho." Jumamosi tukaenda.

Darasa liko Masaki, kwenye nyumba yenye bustani ambayo maua yake bila shaka yamekatiwa bima. Ada ya kipindi kimoja sitaitaja, kwa sababu gazeti hili linasomwa na ndugu zangu wa kijijini wanaosubiri niwatumie pesa ya mbolea. Niseme tu kwamba inamtosha kuku mzima wa kienyeji, na mchele wa kumsindikiza.

Tuliambiwa twende na mikeka. Mimi nikabeba mkeka. Ni mkeka wa ukili, alioutuma mama mkwe kutoka Pangani, umelaza wageni, umekalisha mashehe kwenye maulidi, umebeba misiba ya ukoo mzima bila kulalamika. Mwalimu akautazama, akasema kwa upole kwamba huu hautafaa, unateleza. Nikakodishwa mwingine wa mpira, wa rangi ya zambarau, mwembamba kiasi kwamba goti langu lilipiga hodi sakafuni moja kwa moja. Mama mkwe asisikie.

Mwalimu mwenyewe ni binti wa umri wa kifungua mimba wangu, na kwao wamemlea. Alinisalimia "Shikamoo baba" kwa kupiga goti kidogo, moyo wangu ukatulia. Hatukukaa sana, binti yuleyule akawa ananiambia, "Baba, inua makalio. Zaidi, baba. Hapohapo, usishuke." Mtu aliyechelewa akaingia, naye kwa adabu zake akapita mbele yangu na shikamoo, ikabidi niitikie marahaba kichwa kikiwa katikati ya mikono na damu yote imejaa masikioni. Mila zetu zina majibu ya mambo mengi, lakini hili wazee hawakulifikiria.

Mkao huo wanauita mbwa anayeinama. Viganja chini, nyayo chini, kiuno juu, unakuwa pembetatu. Mbwa wa mtaani kwetu nawajua, na wakijinyoosha hivyo hawamalizi sekunde tatu, wanaenda zao jalalani. Sisi tuliambiwa tukae pumzi tano, na pumzi za binti yule zina urefu wa hotuba. Hapo ndipo kitambi changu kilipohama. Miaka yote nimekuwa nikikiangalia kwa juu, kama mtu na mtaji wake. Siku ile kiliteremka kifuani, kikasogea mpaka karibu na kidevu, tukatazamana.

Mwishoni tunalala chali, mikono kando, macho yamefungwa. Mkao wa maiti. Katika huo nilifaulu kuliko darasa zima, mpaka mama watoto alipofika kunipiga kiwiko na kunikumbusha kwamba maiti hakoromi. Tulipomsimulia mjomba, alicheka kwanza, kisha akasema nimelipa pesa kwa kitu ambacho msikiti unakitoa bure mara tano kwa siku, na kwamba ningekuwa naswali zangu kwa wakati, huo mgongo usingenisumbua. Nikamwongeza kwenye kamati.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo ninapogombana na wanaoiuza yoga kama sumu ya kitambi.

Mwili unachoma kalori hata ukiwa umekaa bure. Mtu wa kilo 90 aliyetulia kwenye kochi anatumia kama kalori 90 kwa saa. Wanaopima mambo haya wanasema yoga ya kawaida, hii ya kunyoosha viungo na kushikilia, inatumia kiasi cha mara mbili na nusu ya hapo, yaani 225. Mwenye darasa atakutajia 225. Mhasibu atamuuliza: zile 90 ambazo ningezichoma hata hivyo, nyumbani, nikiangalia taarifa ya habari, unazihesabu za nini? Zitoe. Zinabaki 135. Chapati moja ya mafuta, ile inayochambuka yenyewe ukiigusa, inazipita hizo kabla hujaichovya popote.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kama kalori 7,700. Gawanya kwa 135, unapata saa 57. Kwa vipindi viwili kwa wiki ni zaidi ya miezi sita ya kuinua makalio Masaki ili ishuke kilo moja, tena kwa sharti kwamba katika miezi yote hiyo hujaongeza hata tonge. Mradi wenye marejesho ya namna hiyo ungeletwa mezani kwangu ningeurudisha na wino mwekundu.

Kutembea kwa haraka, ule mwendo wa mtu anayewahi basi la mwendokasi lakini hataki kuonekana anakimbia, kunatumia zaidi ya mara nne ya kukaa. Na Daraja la Tanzanite halina kiingilio. Wataniambia ipo yoga ya kasi, ya kuruka kutoka mkao hadi mkao bila kituo. Ipo, na kwa kalori inakaribia huko kutembea. Nilichungulia darasa lake dirishani, nikaona macho yangu yamefanya mazoezi ya kutosha.

Ipo na ya joto. Hii ilipewa umaarufu Marekani na Mhindi mmoja, Bikram Choudhury: mikao 26, dakika 90, ndani ya chumba kilichopashwa moto mpaka nyuzi 40 hivi. Watu wa California wanalipia joto! Sisi Februari, umeme ukikatika saa nane mchana, tunalipata sebuleni na hakuna anayetupongeza. Jasho ni maji, na maji yanarudi na dafu la kwanza. Kama jasho lingekuwa linakondesha, wapishi wa pilau za shughuli wote wangekuwa vijiti, na mnawajua walivyo.

Kinachoniudhi ni kwamba yoga yenyewe haina hatia katika biashara hii. Hakuna mzee wa Kihindi aliyekaa chini ya mti akawaza kuwapunguzia matumbo wahasibu wa Dar es Salaam. Maandishi ya Patanjali, ambayo wenyewe huyarejea sana, yana viungo vinane, na mkao wa mwili ni kimoja tu. Kwingineko ni kuacha uongo, wizi na tamaa, ni kuitawala pumzi, ni kuituliza akili. Kuhusu mkao anataka uwe imara na uwe wa raha, basi. Raha! Nilimuuliza mwalimu hiyo raha inafundishwa siku gani, akatabasamu, akaniambia nishushe mabega.

Haya mazoezi tunayoyaona leo yalikomazwa sana miaka ya 1930 kwenye kasri la maharaja wa Mysore, kusini mwa India, na mwalimu aliyeitwa Krishnamacharya. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa 1918, na huyu ndiye aliyekuja kuifikisha yoga kwa Wazungu wengi, hasa baada ya kitabu chake kutoka mwaka 1966. Sasa nisikilizeni vizuri. Iyengar alipoanza alikuwa mvulana dhaifu, malaria imempitia, homa ya matumbo imempitia, kifua kikuu kimempitia. Alikuwa amekonda. Alikwenda kwenye yoga kuutafuta mwili, leo sisi tunapelekwa kuupoteza. Na aliupata, maana alifariki 2014 akiwa na miaka 95.

Mwaka huohuo wa 2014 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, ukaipitisha Juni 21 kuwa siku ya yoga duniani. Ikifika siku hiyo waangalieni waheshimiwa kwenye runinga, fulana nyeupe zimevaliwa juu ya mashati, mikono imeinuliwa mbinguni, matumbo yamekaa safu ya mbele. Mwaka unaofuata wanarudi walewale, na fulana imeongezwa saizi.

Hesabu zangu zote niliziandika kwenye karatasi, zikiwa na jumla na mistari miwili chini yake, nikamsomea mama watoto baada ya chakula cha usiku. Alinyamaza. Mke akinyamaza usishangilie, anatafuta kitu kwenye simu. Akaibuka na utafiti wa Seattle, Marekani, wa mwaka 2005. Watu zaidi ya 15,000 waliokuwa kwenye miaka ya hamsini waliulizwa kuhusu uzito wao tangu wakiwa na miaka 45, na mazoezi waliyokuwa wakifanya. Wale wanene waliokuwa wamefanya yoga walau nusu saa kwa wiki kwa miaka minne au zaidi, walikuwa wamepungua kama kilo mbili katika muongo ule. Wanene wasiofanya walikuwa wameongezeka kama kilo sita.

"Kilo mbili kwa miaka kumi," nikasema. "Hizo mtu anaziacha kwa kinyozi."

"Na wewe kwa miaka kumi umeongeza ngapi, baba watoto?"

Nikaomba chai.

Pingamizi langu la kihasibu liandikwe hata hivyo. Mtu anayefanya yoga Seattle huenda ndiye huyohuyo anayekula mboga za majani na kulala mapema, kwa hiyo huwezi kujua ni kipi hasa kilichomkondesha. Lakini nikiri kwamba waliofanya utafiti nao hawakuzisifia kalori. Walikisia kwamba kinachofanya kazi ni kitu kingine: mtu aliyezoea kukaa akiisikiliza pumzi yake anaanza kuusikia na mwili wake, na anayeusikia mwili anajua ameshiba.

Na hapa ndipo malalamiko yangu yenyewe yanapoanza. Hayo ya mwanzo nilikuwa nasafisha koo.

Mimi kushiba nilikuwa sikujui. Nilijua kumaliza. Sahani ikiisha nimemaliza, ikijazwa tena sijamaliza, na habari ya shibe nilikuwa naipata usiku, ikiletwa na kiungulia. Mtu anaishi vizuri hivyo. Sasa juzi tumekwenda harusini Magomeni, tumekaa wanne kwenye sinia moja la biriani, na nyie wa pwani mnajua sheria ya sinia: kila mtu na upande wake, nyama ipo katikati, mwenye subira ndiye mwenye paja. Nikaanza vizuri. Nilipofika katikati ya eneo langu, nikasikia ndani, kwa sauti ileile ya yule binti, "Inatosha, baba." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaongeza tonge. Lilifika kooni likaniuliza limekuja kufanya nini.

Nikanyoosha mgongo, nikafuta vidole. Wenzangu wakasimamisha mikono. Shemeji akauliza kama biriani ina tatizo. Mzee mmoja, simjui hata jina, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepewa dawa za vidonda vya tumbo. Nikasema nimeshiba, wakatazamana kwa huzuni, kisha kipande kikubwa cha nyama kilichokuwa kimelala mpakani mwangu kikavuka kwenda upande wa shemeji mbele ya macho yangu, na sikuwa na nguvu za kukitetea. Nimelipa pesa ya kuku kila kipindi ili nikae kwenye biriani ya bure nikitazama. Hili kwenye video halikuandikwa.

Kuna na usingizi. Zamani nilikuwa nageuka kitandani mpaka saa saba usiku, naamka, nakata mkate, napaka siagi, narudi kugeuka. Madaktari wanasema kukosa usingizi kunaongeza homoni ya njaa na kupunguza ya shibe, kwa hiyo mkate ule nilikuwa naagizwa, haukuwa uroho, na ningependa kamati ilizingatie hilo. Sasa tangu nianze kupumua kwa mafungu, saa nne nimeshalala fofofo. Mechi za Ulaya nazisikia asubuhi kwa vijana wa kijiweni, nao wakishajua sikuangalia wananipa matokeo ya uongo.

Mgongo nao umeacha kuuma. Nafunga kamba za viatu bila kutafuta ukuta wa kushika. Nashukuru, lakini mgongo haukuwa kwenye makubaliano. Ni sawa na kupeleka gari kwa fundi likarudi na breki mpya wakati wewe ulilalamikia taa.

Kila nikifikiria hayo nawaonea wivu wenzangu wa jogingi. Jumapili alfajiri wanapita na fulana za sare, mapambio kwa sauti, polisi jamii mbele, bajaji ya maji nyuma, wamefunga barabara yote. Wanakimbia kwelikweli, wanachoma kalori kuliko mimi mara tatu. Wakimaliza, kundi zima linahamia kwenye supu ya makongoro, chapati mbilimbili, soda baridi ya kuzuia kizunguzungu, na kabla ya saa nne asubuhi kila kalori imesharudishwa kwa mwenyewe na riba. Wengine naona kabisa wananenepa. Lakini wana furaha! Hakuna sauti ya binti inayowaambia inatosha.

Nilimpelekea daktari hoja hii, nikitegemea mmoja wetu atafutiwa adhabu. Akasema wote tumekosa nusu. Yoga ya taratibu ni nzuri kwa mgongo, presha na usingizi, niendelee nayo, ila Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya kuufanya moyo upige, na siku mbili za kuimarisha misuli, na kunyoosha viungo kwangu hakufiki huko. Kwa hiyo na kutembea nitembee. Nilikwenda kupunguziwa nikaongezewa. Sasa Tanzanite alfajiri mnaniona, msipige honi.

Mizani imeshuka, kwa kiasi cha kubishania. Mama watoto anasema ni yoga, mimi nasema ni ile nyama ya Magomeni. Mkanda ndio umeniponza, umeingia tundu la ndani, na watu wa nchi hii wana jicho la mkanda. Mtu akinenepa wanampongeza, akipungua wanamhesabia siku. Ofisini mlinzi amenishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia Mungu yupo. Bosi kauliza kama ninahitaji likizo. Habari zikafika Pangani kabla ya wikiendi, mama mkwe akapiga simu, hakutaka kuzungumza na mimi, alimtaka bintiye, na nikiwa sebuleni nikamsikia mama watoto anajitetea kwa dakika nyingi: napika mama, wali napika, nazi natia, hapana mama, hakuna matatizo, anafanya yoga. Kimya. Kisha akanigeukia akiwa ameziba simu kwa kiganja: "Anauliza hiyo yoga umeambukizwa wapi."

Wiki hii darasa limehamishiwa saa kumi na mbili asubuhi, muda ambao sufuria ya supu pale kwetu bado ina nyama ya maana. Nimepanga na muuza supu aniwekee bakuli langu mpaka nirudi. Nikamwambia chapati abandike moja. Akanitazama mkanda, akanitazama usoni, akainama ili wateja wengine wasisikie.

"Bosi," akasema, "wewe chukua mbili kama kawaida. Utalipa mwisho wa mwezi."